Mwamshaji wa Maquis

Walinichagua mimi kuwa mwamshaji kwa sababu nina hasira, na hawakunificha. Fiston alisimama mbele ya wenzetu akasema, "Karima iko na roho mubaya, donc kazi hii ni yake." Wakacheka, nami nikakubali, maana ni kweli. Mtu akinikanyaga sokoni, hata akiomba msamaha, nanung'unika mpaka nyumbani.

Bon, nieleze kwanza. Kwetu Kisangani, mwaka wa sita wa sekondari una mtihani mmoja mkubwa, Examen d'État, na diploma inatoka hapo, haitoki mahali pengine. Unaweza kuwa wa kwanza darasani tangu ukiwa na meno ya utoto, mtihani ukikukataa umekataliwa. Kwa hiyo ule muda wa mwisho sisi finalistes hatukai kwa wazazi. Tunajikusanya wachache, tunaomba chumba kwa mtu, tunahamia na masufuria na madaftari yetu, na tunasoma usiku kucha mpaka mtihani ufike. Hiyo ndiyo maquis. Mzazi ambaye mtoto wake yuko maquis anatembea kifua mbele. Na maquis isiyowasha taa usiku, watu wanasema si maquis, ni hoteli.

Yetu ilikuwa mtaa wa Kabondo, chumba cha nyuma kwa Mama Françoise, mjane anayeuza makayabo, yaani samaki wa chumvi. Sisi wasichana tulikuwa wawili, mimi na Nadège, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Tuliweka mikeka yetu chumbani kwa Mama Françoise mwenyewe, maana bila hivyo papa yangu asingekubali hata kidogo. Wavulana walikuwa Fiston, mkuu wa maquis, mwenye mdomo wa kuuza hata kivuli chake, na wawili wengine waliomfuata kila alikokwenda.

Kazi ya maquis ina ufundi wake. Kila mtu ana beseni ya maji baridi chini ya meza na miguu imo ndani. Kila mtu ana likasu mfukoni, ile kola chungu, anaitafuna usingizi ukianza kumbembeleza. Na yuko mwamshaji, mwenye kikombe. Kichwa kikianguka, anachota maji na kuyamwaga shingoni. Nilikuwa hodari, nisijidanganye kwa unyenyekevu. Hakuna aliyemaliza usingizi mbele yangu. Nadège ndiye aliyepata maji mengi kuliko wote, na kila mara alisema "asante", kwa sauti ya mtu aliyefumaniwa.

Mimi mwenyewe sikuhitaji kikombe. Nilikuwa na kitu cha kuniweka macho: maneno ya papa.

Papa yangu, Feruzi, ni fundi wa kushona. Babu yake alishona kanzu hapa hapa Kabondo, na babu wa babu yake pia. Siku nilipofunga mkeka wangu kwenda maquis, aliniita pembeni mwa cherehani. "Karima, nyuma yako kuko batoto wane. Diploma ikikosa mwaka hii, kurudilia darasa hakuna. Utapanda baleinière, utashuka na muto mpaka Basoko kwa tante Hadidja, mutauzisha samaki pamoja." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniogopesha. Papa akipiga kelele, kesho amesahau. Akisema polepole, amekwisha kukata shauri.

Sina ubaya na samaki. Tante Hadidja, shangazi yangu, ni mtu mwema na Basoko ni mji wa watu. Lakini mimi nataka kuwa mkunga. Mdogo wetu wa mwisho alizaliwa sakafuni mwa nyumba yetu wakati mvua imefunga njia, na mimi ndiye nilikuwa pale na mama, sijui nifanye nini, nalia kuliko mzazi. Tangu siku ile najua ninachotaka. Shule ya ukunga haimpokei mtu bila diploma.

Alors, tulipokuwa tumezoea yale maisha ya macho mekundu, shule ikatupa mtihani wa majaribio. Niliingia nimejaa. Nilijua kemia, nilijua historia, nilijua mpaka tarehe ambazo hakuna mtu anauliza. Nilitoka nikiimba.

Majibu yalipotoka, nilikuwa nimeanguka. Si kuanguka kwa kujikwaa, kuanguka kama gunia la mkaa.

Nilimwendea Madame Priscille, mwalimu wetu wa kemia, nikiwa tayari kugombana. Alikuwa anakula lituma yake, ndizi za kuponda, chini ya veranda ya shule, akanionyesha kiti bila kuacha kutafuna. Akafungua karatasi yangu ya majibu. Akanisomea swali moja, nikajibu. La pili, nikajibu. La tatu, la nne, nikajibu yote, na sauti yangu ilikuwa inapanda.

"Ni kweli," akasema. "Sasa angalia fasi uliandika."

Nikaangalia. Kulikuwa na swali moja nililoliruka, na baada ya hapo kila jibu langu lilikuwa limeingia kwenye nyumba ya jirani. Jibu la hili liko kwa lile, la lile liko kwa linalofuata, mpaka mwisho wa karatasi. Mstari mzima wa majibu mazuri, na hakuna hata moja lililolala kwake.

"Unajua vitu yote hii," Madame Priscille akaniambia. "Kichwa iko. Ni mwenye kichwa ndiye hakukuwa. Unalala saa ngapi, Karima?"

Nilikuwa sijui. Aliirudisha karatasi, akanawa mikono, akasema, "Enda ulale, mutoto," na akaingia darasani.

Niliona haya, halafu nikaona hasira, na hasira yangu ina faida moja: inanyoosha njia. Nilitoka shuleni nikapanda toleka, baiskeli ile ya abiria, na njiani nikafanya hesabu ya mtu mzima. Nadège naye alikuwa ameanguka. Kwenye insha alikuwa ameandika sentensi moja mara tatu, moja chini ya nyingine, bila kujua. Wale wavulana wawili walikuwa wameponea chupuchupu. Fiston alipita vizuri. Ndiyo, alipita, nisiseme uongo ili hadithi yangu inenepe. Kuna watu wameumbwa kwa mbao.

Nilipofika kwa Mama Françoise niliyachukua mabeseni yote, nikayamwaga maji uani moja moja, nikayapanga kichwa chini ukutani. Wenzangu walikuwa wanatazama.

"Kuanzia leo siamshi mutu usiku," nikasema. "Mama Françoise akiingiza makayabo yake na kufunga kufuli, taa inazimwa. Tunalala. Azana ya kwanza ikilia, hapo ndiyo naamsha, na kikombe nitakuwa nayo. Tutasoma na kichwa baridi mpaka saa ya masomo."

Fiston akakuna kidevu. "Maquis ya kulala? Tutachekwa mpaka Mangobo."

"Wacheke. Kicheko haiandikwe kwenye diploma."

"Karima, weye ulianguka juu ya uzembe yako, sasa unataka tuanguke wote?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Nikamwambia tu aangalie karatasi yangu, nikaiweka mezani. Hakuiangalia. Nadège aliiangalia, akaifuata mistari kwa kidole, midomo inatikisika. Kesho yake Fiston alihamia maquis nyingine na wafuasi wake wawili. Taa ilikuwa yake, akaondoka nayo.

Tukabaki mimi na Nadège na kibatari cha Mama Françoise.

"Tunafanya vizuri?" Nadège akaniuliza.

"Tunafanya vizuri."

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Nikasema nina hakika.

Watu wanadhani kulala ni kazi rahisi. Jaribu ukiwa umejifundisha kukesha. Nililala chali, macho yamekauka, likasu bado inatembea kwenye damu, na moyo unagonga kama mtu anayedai. Tukaacha likasu. Tukaanza kuweka simu zetu ndani ya sufuria kubwa, kifuniko juu, na sufuria inakwenda kwa Mama Françoise, kwa sababu simu ikiwa karibu mkono unaitafuta wenyewe. Taratibu usingizi ukaanza kurudi, kwa aibu, kama mke aliyefukuzwa bila kosa.

Halafu kanisa. Nyuma ya ukuta wetu liko kanisa dogo, na kanisa lile lilikuwa limefungua maombi ya usiku, vipaza sauti viwili vikubwa vimeelekezwa kwetu. Nikauliza wanaomba nini. Mama Françoise akasema, "Wanaombea finalistes, mpate kupita."

Nilikwenda mchana kumwona pasteur, mchungaji wao. Pasteur Bonheur ni mtu mnene, mpole, alikuwa anapaka rangi benchi. Nadège aliniambia nisiende, mtoto wa Kiislamu ataenda kumwambia pasteur nini. Nikaenda.

"Pasteur, mbote. Miye ni mumoja wa wale munaombea."

"Mungu asifiwe, binti yangu."

"Asifiwe. Lakini tunapenda kulala, na hatuwezi, juu ya maombi."

Akaweka brashi chini. Akaniambia vita haipiganwi kwa kulala, na Bwana mwenyewe aliwauliza wanafunzi wake kama hawakuweza kukesha naye saa moja.

"Saa moja ni muzuri, pasteur. Ninyi munafanya mpaka jogoo. Na Mungu hana ugonjwa ya masikio."

Nilidhani atanifukuza. Akacheka mpaka tumbo likatikisika, akaniuliza papa yangu ni nani, akasema papa amemshonea suti. Hakuzima vipaza sauti, lakini usiku ule vilikuwa vimegeuzwa upande wa barabara. Nusu ya mkate ni mkate.

Nilipoona mambo yanatulia, papa akatokea. Ilikuwa asubuhi, mimi naosha vyungu. Mama ya Fiston alikuwa amekwenda dukani kwa papa na kusema mbele ya wateja kwamba mtoto wa fundi Feruzi yuko hoteli, si maquis. Papa alikuja na mita ya kupimia bado inaning'inia shingoni, kwa hiyo nilijua alitoka bila kufikiri.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, papa. Tunalala."

Alikuwa amejiandaa kwa uongo wangu, si kwa ukweli. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Funga mukeka yako. Tunarudi kwetu. Nitakuamsha miye mwenyewe, kila usiku, mpaka siku ya mutihani. Nikikosa kulala na nikose."

Na angefanya, namjua. Angekaa mlangoni mwangu na kanzu yake ya kulalia, anakohoa ili nisisinzie, na angefanya hivyo kwa mapenzi. Adui ukimjua unampiga, lakini unampigaje mtu anayekupenda?

"Papa, nikuulize kitu. Kitambaa ya bibi-arusi, unaikata saa gani?"

"Karima, usinizungushe."

"Sikuzungushe. Unaikata saa gani?"

"Asubui."

"Na kazi ikikuwa mingi, bibi-arusi anangojea, hauikate usiku?"

"Usiku nashona," akasema. "Kushona ukikosea, unafumua. Kukata, apana. Mukono ikichoka, mukasi inaenda fasi inataka. Kitambaa ikikatwa mubaya, imekatwa." Hata yeye alisikia alichokisema, akaishika mita yake shingoni.

"Mangaribi tunasoma, papa, hatuchezi. Hiyo ni kushona. Lakini mutihani ni kukata, na kitambaa iko moja."

Nikamletea karatasi yangu, nikamwonyesha majibu yaliyohama. Papa hajui kemia, ila anajua mstari uliokwenda upande. Aliutazama mpaka mwisho wa karatasi. Mama Françoise alijifanya anapanga samaki.

"Una mudomo sawa mama yako," papa akasema mwishowe, naye akainuka. "Nakuachia. Lakini nikuambie vizuri. Ukianguka, usiniambie mwalimu, usiniambie ndoki alikuloga, usiniambie ugonjwa. Ni weye ulichagua. Baleinière inaondoka, na utakuwa ndani."

"Nitakuwa ndani, papa."

Akaondoka. Nikamaliza kuosha vyungu nimeketi juu ya ile ndoo.

Tangu siku ile nililala kama mtu anayefanya kazi ya mshahara. Nikilala nilikuwa nasoma, hivyo ndivyo nilivyojiambia, na mambo yalianza kukaa. Nilichosoma jioni nilikikuta asubuhi mahali pake, hakijahama. Azana ikilia nachukua kikombe kumwamsha Nadège, lakini Nadège alikuwa ameamka tayari, ameketi, kitabu magotini.

"Umelala?"

"Nimelala."

Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ni moshi wa kibatari. Niliamini kwa sababu nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha haulizi mara mbili.

Mtihani wenyewe ni siku nne. Siku ya kwanza nilikwenda polepole, nikiweka kidole kwenye kila namba kabla ya kuandika, namba na jibu, namba na jibu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu, nikiwa nusu ya karatasi, niliinua macho nikaona shingo ya Nadège mbele yangu, benchi ya tatu. Shingo ile naijua, nimeimwagia maji mara nyingi. Ilikuwa inashuka.

Kuongea kumekatazwa. Ukifungua mdomo wanakuandikia udanganyifu, na karatasi yako inakufa, na ya yule uliyemwambia pia. Nilikohoa. Shingo ikashuka zaidi. Nilikohoa tena, na msimamizi akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. Nilifanya swali moja, nikaangalia, bado ameinama. Jingine, bado. Ndipo msimamizi akapita akagonga benchi yake, Nadège akaruka, akaanza kuandika haraka haraka, kalamu inakwaruza. Nilipotoka nje nilimshika mkono. Alisema ni kichwa tu kinamuuma, tusiongee, kesho bado kuna siku moja.

Matokeo yalipotoka, mtaa wote ulikuwa kwenye simu. Mimi nilipita. Nilipita vizuri, hata Fiston nilimshinda, na Fiston naye alipita, akaja kunimwagia poda kichwani, kama wanavyomwagiwa wote waliopita, mpaka nikawa mweupe kama ukuta wa msikiti, akasema, "Hoteli yako ilikuwa na nyota." Mama alipiga vigelegele. Papa aliniletea kitambaa cheupe cha kutosha vazi la shule ya ukunga, akakiweka mezani, akasema atakikata asubuhi.

Jina la Nadège halikuwamo.

Nilijipangusa poda nikaenda kwao. Anaishi kwa mjomba wake, tonton Kasongo, mtumishi wa serikali aliyekuja kutoka Maniema. Ndiye aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki. Nilimkuta Nadège nyuma ya nyumba anatwanga pondu, majani ya muhogo. Hakuacha kutwanga.

"Nilikudanganya," akasema. "Kila usiku. Ukianza kukoroma naamka, naenda kwa choo na kibatari, nasoma mpaka azana."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kuupiga teke ule mchi. "Nadège, karatasi yangu uliiona. Na macho yako."

"Niliiona."

"Basi juu ya nini?"

Hapo akaacha kutwanga. "Weye ukifunga macho, unapumzika. Miye nikifunga macho naona wengine wote. Fiston anasoma. Batu ya Mangobo wanasoma. Congo muzima inasoma, ni miye peke yangu nimelala. Naogopa, Karima. Naamka kwa kuogopa, si kwa kupenda."

Hasira yangu ikakosa mahali pa kukaa. Nililia, yeye hakulia, alikuwa amekwisha kulia. Niliona nilichokuwa sijaona: mimi nilipanga saa ya kuzima taa, nikapanga sufuria ya simu, nikampangia hata pasteur, na woga wa rafiki yangu niliuacha mkekani ulale naye peke yake. Kumwamsha mtu kila mjinga anaweza, kikombe kinatosha. Kumlaza mtu ni kazi nyingine.

Tonton Kasongo alikuwa ndani anasikiliza redio. Nilipiga magoti mlangoni kama inavyotakiwa. Aliniambia atamrudisha Nadège darasani mwaka mmoja, mmoja tu, baada ya huo hawezi. Nikamwomba, mwaka huo mmoja, Nadège awe analala kwetu.

"Kwenu kuna kitanda?"

"Iko yangu, tonton."

"Na akisumbua?"

"Atasumbua. Najua."

Akazima redio, akatazama mlango wa nyuma ambako mchi ulikuwa umeanza tena. "Yule mutoto hajalala vizuri tangu alikuja hapa kwangu," akasema. "Nilizani ni kupenda masomo." Akanipa ruhusa.

Sasa masomo yamefunguliwa. Mchana mimi niko shule ya ukunga, Nadège amerudi mwaka wa sita na watoto wanaomwita ya Nadège, yaani dada mkubwa. Jioni tunasoma wote kwenye meza ya papa ya kukatia, halafu tunalala. Nimemlaza upande wa ukuta, kwa hiyo akitaka kutoka anipitie mimi. Wiki za kwanza alinipitia mara nyingi, goti lake tumboni mwangu, nami namrudisha. Simwambii lala, maana neno hilo linamwamsha. Namwuliza nani anasoma saa hii, anawataja, mmoja mmoja, nami nawalaza: Fiston amelala, tayari amepata diploma. Watu wa Mangobo wamelala, umeme umekatika. Tunaendelea hivyo mpaka Congo nzima imezima taa.

Leo asubuhi azana ilikwisha nikageuka. Alikuwa amelala, mdomo wazi, mate kwenye mto wangu, na hakuwa amenipitia hata mara moja. Nilishuka kitandani polepole, nikaenda kumwambia papa asianze cherehani bado.